Opereta wa Simu za Mbali

Zamani, kabla simu hazijaanza kuishi mifukoni mwa watu, mtu aliyetaka kuongea na ndugu yake wa mji mwingine alikwenda posta. Alipanga foleni, akaingia kwenye kibanda chenye mlango wa kioo, akainua mkono wa simu, na sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ya mwanamke mmoja.

"Namba, tafadhali."

Sura yake haikujulikana. Alikaa nyuma ya ukuta, juu ya stuli ndefu, mbele ya ubao uliojaa matundu na nyaya zenye vichwa vya shaba, hedifoni imembana nywele. Lakini sauti yake ilijulikana na kila mtu. Alikuwa akienda sokoni, akiuliza bei ya vitunguu tu, muuzaji anaacha kupima: "Heee! Si wewe yule wa kwenye simu?" Ndipo wakamwita Mama Laini, hata kabla hajawa mama wa mtu.

Watu walipenda kumtania kwamba anajua siri za mji mzima. Yeye alijibu, "Mimi naunganisha tu, sisikilizi," na wote walicheka, yeye akiwa wa kwanza.

Upande wa pili wa laini, katika mji wa juu milimani, opereta alikuwa kijana mwanamume. Kila asubuhi kabla ya wateja kuingia walijaribu laini. "Halo, unanisikia?" "Nakusikia vizuri." Baadaye wakaongeza habari ya mvua. Baadaye habari ya nyumbani. Ulipita mwaka mzima hawajaonana. Halafu siku moja, mchana, Mama Laini akasikia mtu kaunta akiomba stempu, na ilikuwa ile sauti ya kila asubuhi, safari hii bila waya. Akachomoa waya asiotakiwa kuuchomoa, na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa katikati ya kupatana bei akabaki anaongea na ukuta.

"Mama yenu alimkatia tajiri simu kwa ajili yangu," mume wake alipenda kuwaambia watoto wao wawili wakati wa kula. Watoto wakitaka kujua walikuwa wakiambiana nini kwenye laini mwaka ule wote, mama yao alijibu kwa kugonga sufuria na mwiko: "Hayo hayawahusu. Kuleni."

Mashine zikaja, zikaunganisha watu zenyewe. Ubao ule ukang'olewa, Mama Laini akahamishiwa kaunta ya vifurushi mpaka alipostaafu. Watoto wakakua. Wa kwanza, binti, akawa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na kwa kuwa hakuacha ualimu hata akiwa nyumbani, ndugu na majirani walimwita Mwalimu. Mdogo wake wa kiume akawa kinyozi, akafungua saluni yenye viti viwili na kioo kirefu, na chumba chake cha kulala kikiwa nyuma ya pazia. Baba yao akazeeka, akaugua kifua, akafariki mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ugonjwa wa Mama Laini ulianza kidogokidogo. Chumvi kwenye chai. Kandambili ndani ya kabati la vyombo. Kisha asubuhi moja alivaa vizuri, akajipaka poda, akaondoka. Walimkuta kwenye jengo la posta ya zamani, ambalo sasa ni duka la magodoro, akimgombeza mlinzi kwa nini hajafungua mlango wakati zamu imeshaanza.

Daktari aliwaeleza vizuri, bila haraka. Ni ugonjwa wa ubongo, alisema, unakula kumbukumbu. Mama hafanyi makusudi, na kilichopotea hakirudi. Ndugu wale wawili walikaa kwenye benchi moja, wakasikia maneno yaleyale, lakini walitoka mlangoni kila mmoja na lake. Mwalimu alisikia kwamba akili inalegea, kwa hiyo ifanyishwe mazoezi. Kinyozi alisikia kwamba mama amefika mwisho wa safari, kwa hiyo aachwe apumzike.

Mama alianza kukaa kwa Mwalimu.

Mwalimu alibandika karatasi nyumba nzima kwa herufi kubwa: CHOO. SUKARI. MLANGO WA NJE. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, aliketi mbele ya mama yake, akamshika magoti.

"Mama, mimi nani?"

"Wewe si wewe?"

"Jina langu, mama. Haya, leo siku gani?"

Mama alitazama dirishani, kana kwamba jibu limeandikwa nje.

"Na baba yuko wapi?"

Hapo uso ulichangamka. "Baba yenu yuko kazini. Laini ya juu leo ina kelele, atachelewa kupiga."

"Hapana, mama. Baba alifariki. Tulimzika. Kumbuka."

Na Mama Laini alilia, kwa sababu kwake habari ile ilikuwa imefika sasa hivi. "Mbona hamkuniambia?" aliuliza. "Mimi mkewe, nisiambiwe?" Kesho yake akaambiwa tena, akalia tena, kilio kibichi kilekile.

Msimdhanie Mwalimu kuwa na roho mbaya. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumkatia tamaa mtoto hata mmoja. Wale ambao wenzake waliwaita vichwa vigumu, yeye alibaki nao darasani kengele ikishalia, akarudia na kurudia mpaka kitu kinaingia. Aliamini kwamba kumwacha mama aseme uongo, na wewe ukaitikia, ni kumzika angali hai. "Mtu mzima haambiwi uongo kama mtoto anayeng'olewa jino," alimwambia mdogo wake. Akishamwambia mama yake ile kweli, alikwenda jikoni, akafungulia bomba la maji, akalia huku sauti ya maji ikimsitiri.

Lakini mama alianza kumwogopa. Akisikia geti, alijifungia chooni. Akiulizwa kitu chochote, hata kama anataka chai, alikunja vidole na kutazama chini. Siku moja alimvuta Mwalimu pembeni, akamnong'oneza kwa heshima zote:

"Dada, nakuomba. Nihamishe darasa. Mwalimu wa hapa mkali sana."

Mwalimu akamtazama. Alitaka kucheka na hakuweza. Aliingia chumbani, akampigia mdogo wake. "Njoo umchukue mama," alisema. "Mimi nimeshindwa."

Kinyozi alimpokea kwa furaha ya mtu aliyekuwa akisubiri zamu yake. Alimnunulia kiti chenye mito, akakiweka kwenye pembe ya saluni penye upepo. Akamlisha kwa kijiko. Akamvisha, akamfunga vifungo, akamchana. Mama akiinuka kuchukua fagio, kwa sababu saluni ina nywele sakafuni muda wote, Kinyozi alimnyang'anya kwa upole. "Tulia, mama. Umetufanyia kazi inatosha." Mama akianza kusema jambo, yeye aliitikia, "Ndiyo, mama, ndiyo," mashine ikivuma kichwani kwa mteja, bila kusikia ni jambo gani.

Hakumuuliza swali lolote. Aliamini kwamba mama yake alishaondoka kistaarabu, na aliyebaki pale kitini ni wa kutunzwa safi tu, kama kumbukumbu nzuri. Na mama alitulia kweli. Mwanzoni aliacha kuinuka. Kisha akaacha kusema. Mikono yake, ile iliyokuwa ikichomeka na kuchomoa nyaya bila kutazama, ililala mapajani kama vitu ambavyo mwenyewe ameviacha mahali akasahau. Alipotakiwa kwenda chooni ilibidi abebwe, maana miguu ilikuwa imesahau kazi yake.

"Mama yako hana usumbufu kabisa," wateja walisema.

"Amepumzika," Kinyozi alijibu, na moyoni alijisifu kidogo kwamba amemshinda dada yake.

Ndipo siku moja, asubuhi yenye wateja wachache, dereva mmoja wa lori akakaa kwenye kiti, shuka shingoni, na simu yake ikaita. Mtandao ulikuwa mbovu. "Halo! Halo!" alipiga kelele. "Sikusikii! Mzigo uko wapi? Halo!"

Kutoka pembeni ikaja sauti laini, iliyonyooka, ya mtu aliye kazini:

"Subiri kidogo, mpigaji. Laini ina kelele. Ninakuunganisha."

Kinyozi alizima mashine. Aligeuka. Mama yake alikuwa ameketi wima, kidevu juu, mkono wa kulia umenyooshwa hewani, vidole vimeshika kitu kisichoonekana.

Dereva, mtu wa mizaha lakini mwenye adabu, akashusha simu yake. "Asante sana, opereta," alisema.

"Ongea sasa," Mama Laini alijibu.

Ikatokea kwamba wakati huohuo mtandao ukarudi, na yule wa mzigo akasikika. "Bimkubwa huyu kiboko!" dereva alishangaa. Wote wakacheka, na Mama Laini akacheka pamoja nao, kicheko ambacho Kinyozi hakuwa amekisikia tangu baba yao alipofariki.

Siku ile Kinyozi alikata nywele vibaya. Muda wote alikuwa anawaza: alikuwemo humo ndani. Miezi yote hii alikuwemo, na mimi namfuta mdomo tu.

Mchana alimwekea mama yake mapajani rundo la taulo zilizokauka. Hakumwambia kitu. Mama alizitazama, akachukua moja, akaikunja mara mbili, akaipiga kofi kuinyoosha, akaiweka upande. Akachukua nyingine. Alipomaliza, Kinyozi alizikunjua zote nyuma ya pazia, akamletea tena.

Angejua kuishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini kwa furaha yake alianza kuwasimulia wateja, na wateja wakaanza kuja na mizaha yao. Mtu akiingia tu, ameshaweka kiganja sikioni: "Halo, opereta!" Mama aliwajibu wote. Kinyozi naye alicheka, akiona mama amepata kazi. Mpaka alipokuja kijana mmoja mshona viatu wa mtaa wa pili, mpenda sifa, akiwa kitini ananyolewa akasema kwa sauti ya kuchekesha watu: "Halo, opereta, niunganishe na kuzimu, nataka kuongea na babu yangu!"

Saluni ikalipuka kwa kicheko. Mama Laini alimtazama yule kijana kwa muda mrefu. Kisha akainua mikono yote miwili, polepole, akavua hedifoni ambayo haikuwapo kichwani, akaiweka mapajani, akafumba mdomo. Uso ulikuwa wa mtu mzima aliyedharauliwa mbele za watu.

"Toka," Kinyozi akasema.

"Kaka, hujamaliza. Umenyoa upande mmoja tu."

"Toka hivyohivyo."

Akatoka na kichwa nusu, shuka bado shingoni, na mtaa ukamcheka yeye wiki nzima. Lakini Mama Laini hakusema neno siku ile wala iliyofuata, na Kinyozi hakujua afanye nini. Akampigia dada yake.

Mwalimu alikuja Jumamosi na mfuko wa matunda. Wakasimama nje, chini ya kibao cha saluni, na Kinyozi akamweleza yote kuanzia kwa dereva wa lori.

"Kwa hiyo umemfanya kichekesho," Mwalimu akasema.

"Wewe ulimfanya mwanafunzi."

"Mimi nilimwambia kweli!"

"Ulimfisha baba kila asubuhi, dada. Kila asubuhi. Na mimi..." Akasita, akakung'uta nywele za watu kwenye aproni yake. "Na mimi nilimfisha yeye. Basi tumetoka sare."

Mwalimu akamtoa mdogo wake unywele mmoja uliokwama kwenye nyusi, kama alivyokuwa akimtoa makamasi zamani, wakaingia ndani.

Mama yao alikuwa akikunja taulo. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha wateja, akakizungusha wakawa wanatazamana. Mama akamkagua, gauni mpaka viatu, akamwona ni mtu wa kuaminika.

"Dada," akasema, na Kinyozi nusura adondoshe kitana, maana sauti ilikuwa imerudi. "Laini ya juu imefunguka? Yule bwana amepiga?"

Mwalimu alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo tayari, lilelile la siku zote, limeshafika kwenye ulimi. Akamtazama mdogo wake. Uongo hakuuweza, haukuwa katika damu yake. Na ile kweli, safari hii, hakutaka kuirudia. Akawa mwalimu aliyeishiwa na chaki. Halafu likamtoka swali, na kwa mara ya kwanza lilikuwa swali ambalo yeye mwenyewe hakujua jibu lake.

"Akipiga, huwa anasema nini?"

Mama Laini akaangua kicheko cha kisichana, akaziba mdomo kwa taulo. "Yule? Yule ni msumbufu!" Akasogea mbele. "Siku moja asubuhi ananiambia, opereta, nina simu moja ya mbali, lakini ni ya kwangu mwenyewe. Nikamwambia, ya kwako mwenyewe lipia kama watu wengine. Akasema, nitalipia maisha. Nikanyamaza. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu! Nikamwambia kwa sauti ya kazi, mpigaji, dakika zako zimekwisha. Akasema, niongezee, tafadhali."

"Ukamwongezea?" Kinyozi akauliza kutoka nyuma.

"Nikamwongezea."

"Ngapi?"

"Zote," Mama Laini akasema.

Ndugu wale hawakutazamana. Kila mmoja alimwona baba yake kijana, hedifoni kichwani, peke yake katika chumba cha mji wa baridi, akingoja mwanamke asiyemjua sura ajibu. Nje gari lilipita na vumbi likaingia, na hakuna aliyeinuka kufunga mlango.

"Na sasa yuko wapi, mama?" Mwalimu aliuliza taratibu. Safari hii hakuwa anasahihisha.

Mama alikunja taulo iliyobaki, kona kwa kona. "Si alikwenda," akasema. "Nilimshika mkono mpaka ukapoa. Kulikuwa na binti pale, amevaa bluu, analia hata hawezi kusimama." Akainua macho. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Basi unajua," mama akasema, akampigapiga goti, kama anayembembeleza mfiwa.

Baada ya siku ile mambo hayakuwa mepesi, na anayewaambia watu kwamba ugonjwa huu una dawa ya maneno matamu anawadanganya. Kuna asubuhi Mama Laini aliamka na hasira, akarusha kikombe. Kuna siku alimwita Kinyozi mwizi mbele ya wateja, na Kinyozi akarudia mtindo wa kumkalisha kitini tu kwa sababu alikuwa amechoka na alitaka utulivu. Ndugu waligombana bado. Lakini walikuwa wameacha kugombana kama mama bado yumo au ameshaondoka. Waligombana juu ya leo afanye nini.

Mwalimu alimchukua tena likizo zote. Zile karatasi hakuzibandua, maana mama alipenda kuzisoma kwa sauti akipita, "Sukari! Mlango wa nje!" kama mtu anayesalimia majirani. Maswali ndiyo aliyoyafuta. Alimtembeza uani kila siku, mkono kwa mkono, mpaka miguu ikakumbuka. Mara moja alijisahau, akauliza kwa mazoea, "Mama, leo siku gani?"

"Kalenda hiyo hapo ukutani, mwanangu," Mama Laini akajibu. "Msomi mzima unaniuliza mimi?"

Na jioni walizungumza ya zamani. Harufu ya gundi na lakiri ya kufungia barua pale posta. Wanawake waliokuja kupiga simu wamevaa nguo za kutokea, kana kwamba wataonekana. Mtu mmoja aliyelipia dakika zake zote, akasikia sauti ya mama yake, akashindwa kusema hata neno, na Mama Laini akamwachia laini wazi wasikilizane wakipumua. Mengine alichanganya, mwaka huu akautia katika mwaka ule, na Mwalimu wa hesabu aliyaacha yakae hivyo.

Mwaka uliofuata walimpeleka kununua viatu, kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Muuza duka alitoa vyeusi, vipana, vya wazee. Mama Laini alivisukuma pembeni kwa kidole, akaonyesha rafu ya juu, vyekundu vyenye kifungo cha dhahabu.

"Hivyo ni vya wasichana, bimkubwa," muuzaji akasema.

Kinyozi alikuwa na wasiwasi atateleza. Mwalimu alifikiri havitamfaa kwa kitu chochote. Walitazamana.

"Mshushie," Mwalimu akasema.

Walimvalisha, mmoja mguu huu, mwingine mguu ule, wakiwa wamepiga magoti sakafuni. Alisimama, akaishikilia kaunta, akapiga hatua ndogo mpaka mlangoni na kurudi, akiitazama miguu yake kwa mshangao, kama ni ya mtu mwingine. Hakujua tena jina la mji wao wala jina la yeyote kati ya watoto wake wawili. Walitoka naye njiani taratibu, jua la asubuhi likiwa bado zuri, na kila baada ya hatua chache alisimama, akaikunja sketi yake kidogo ili aone kama viatu bado ni vyekundu.